Kartushi za kuwinda ayala: historia ya bunduki za wenzo za Marekani, na somo kwa misitu yetu



Hapa kwetu mashariki ya Kongo, mtu akitamka neno risasi, hakuna anayefikiria chakula. Tunafikiria usiku wa kukimbia, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Lakini familia nyingi za kwetu leo zina ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Huko, kila mwaka inapofika Novemba, wanaona jambo linaloshangaza. Raia wa kawaida, walimu, mafundi wa magari, wazee waliostaafu, wanavaa makoti ya rangi ya machungwa, wanachukua bunduki na kuingia msituni. Hakuna anayekimbia. Jioni wengine wanarudi na nyama, wengine mikono mitupu. Mwaka unaofuata wanyama bado wapo.

Swali ni hili: namna gani nchi yenye bunduki nyingi kiasi hicho bado ina wanyama tele, na sisi wenye misitu mikubwa kuliko wengi duniani tunawapoteza? Ili kujibu, tufuate historia ya bunduki moja, ile ya wenzo, na kartushi zake zilizojulikana sana kwa kuwinda ayala. Wamarekani wamebishana juu ya kartushi hizo kwa zaidi ya miaka 100. Mabishano yenyewe yana mafunzo, na jibu la swali letu tutalipata njiani.

Mnyama mwenyewe

Wanaosoma Biblia wanalijua jina la ayala kutoka Zaburi ya 42. Katika misitu yetu hayupo. Anakaribia kufanana na kulungu mkubwa, lakini pembe za dume zina matawi, na kila mwaka zinaanguka na kuota upya. Ayala anayewindwa zaidi Marekani ana mkia mweupe kwa chini. Akishtuka anauinua kama kitambaa, na mwindaji anajua kwamba nafasi imekwisha. Dume mkubwa anaweza kupita kilo 100.

Mnyama huyu anapenda vichaka, kando ya msitu na mashamba ya mahindi. Katika misitu ya mashariki ya Marekani, mwindaji humwona mara nyingi akiwa chini ya mita 100, kati ya miti, kwa sekunde chache tu. Mushike jambo hilo la mita 100. Ndilo litakaloamua mabishano yote ya kartushi.

Bunduki ya wenzo ni nini?

Zamani bunduki zilikuwa gobori: unashindilia baruti mdomoni, unaweka risasi, unafyatua mara moja, halafu unaanza tena. Mwaka wa 1860, fundi Benjamin Tyler Henry, aliyekuwa akifanya kazi kwa Oliver Winchester katika mji wa New Haven, alitengeneza bunduki ya namna nyingine. Winchester mwenyewe alikuwa ametajirika kwa kiwanda cha mashati kabla ya kuingia katika biashara ya silaha.

Chini ya kifyatulio kuna kipande cha chuma chenye tundu la kuingiza vidole. Huo ndio wenzo. Ukiusukuma chini na mbele, ganda tupu linatoka. Ukiurudisha, kartushi mpya inaingia kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu. Henry yake iliweza kubeba kartushi 16. Mwaka wa 1866 kampuni ikachukua jina la Winchester, na mwaka wa 1873 ikatoa bunduki iliyoenea sana katika magharibi ya Marekani.

Na kartushi? Kwa faida ya vijana wetu: kartushi ni vitu vinne pamoja. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki, madini ambayo watu wa Katanga wanayajua vizuri. Kuna fataki ndogo katikati ya kitako cha ganda. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa cha risasi mbele. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inasukuma kichwa.

Kartushi zenyewe, moja baada ya nyingine

Majina ya kartushi za zamani za Marekani ni nambari mbili. Ya kwanza inaonyesha upana wa kichwa kwa sehemu ya mia ya inchi. Ya pili ni uzito wa baruti kwa kipimo kidogo cha zamani, ambacho 15 zake zinakaribia gramu moja. Kwa hiyo .44-40 ni kichwa cha upana wa 44, na baruti ya kipimo cha 40, kama gramu mbili na nusu.

Hiyo .44-40 ya mwaka wa 1873 ndiyo ya kwanza kuleta nyama nyingi nyumbani kwa bunduki ya wenzo. Kichwa chake kilikuwa na gramu 13, na kilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 380 kwa sekunde hivi. Tukipima nguvu kwa jouli, kile kipimo cha somo la fizikia, tunapata karibu 940. Leo wawindaji wengi wanaiona ni dhaifu kwa ayala. Wakati ule ilitosha kwa mtu aliyejua kunyemelea hadi mita 50 au 70. Ilikuwa na faida nyingine: kartushi hiyohiyo iliingia katika bastola, hivyo mtu alinunua aina moja tu dukani.

Mwaka huohuo jeshi la Marekani lilichukua kartushi .45-70. Hiyo ni kubwa. Kichwa chake cha jeshi kilikuwa na gramu 26, mara mbili ya kile cha .44-40, na nguvu zaidi ya jouli 2,000. Mwaka wa 1886 Winchester walitoa bunduki ya wenzo yenye nguvu ya kuibeba. Ilikuwa kazi ya John Moses Browning, fundi kutoka Ogden, katika Utah. Kasoro ya .45-70 ni uzito na mwendo wake wa polepole. Ukiilenga vizuri kwa mita 90, ikifika mita 180 itakuwa imeanguka zaidi ya nusu mita. Mwindaji asiyejua kukadiria umbali atapiga udongo, au atavunja mguu wa mnyama. Inarudisha bega kwa nguvu pia. Kwa dubu mkubwa ni msaada. Kwa ayala ni zaidi ya mahitaji.

Halafu yakaja mageuzi makubwa: baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi ya zamani ilitoa wingu lililomficha mnyama na mwindaji wote wawili, na ilichafua mtutu. Baruti mpya ilisukuma kwa nguvu zaidi, lakini ilidai chuma kigumu zaidi. Browning alikwisha kuchora bunduki nyingine ya wenzo, Winchester ya 1894. Mwaka mmoja baadaye ikapata mtutu wa chuma chenye nikeli, na pamoja nao kartushi mpya, .30-30. Ganda lake lilitokana na la .38-55, kartushi ya zamani iliyosifiwa kwa shabaha, likabanwa shingoni ili lishike kichwa chembamba.

Kichwa cha .30-30 chenye gramu 11 kinatoka kwa mita 670 kwa sekunde hivi. Nguvu yake ni karibu jouli 2,470. Inaanguka kama santimetri 20 tu pale ambapo .45-70 inaanguka zaidi ya nusu mita. Na bunduki ni nyepesi, bapa, rahisi kubeba mchana kutwa na rahisi kupitisha kati ya matawi. Ndiyo maana Winchester ya 1894 imetengenezwa zaidi ya mara milioni 7. Ile ya milioni moja alipewa Rais Calvin Coolidge mwaka wa 1927.

Wapinzani hawakukawia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Winchester wenyewe walitoa .32 Special, yenye kichwa kipana kidogo na nguvu ya jouli 2,590 hivi. Mwaka wa 1906 ikaja .35 Remington, iliyopata umaarufu baadaye katika bunduki ya wenzo ya Marlin 336, iliyotoka mwaka wa 1948. Kichwa chake cha gramu 13 kinatoka kwa mita 634 kwa sekunde, karibu jouli 2,610. Wanaoipenda wanasema inaacha alama ya damu inayofuatika vizuri msituni, kwa sababu tundu lake ni pana.

Ndugu msomaji, tuweke hizo tatu pamoja: 2,470, 2,590, 2,610. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho haifiki hata asilimia 6. Watu wamekaa kandokando ya moto miaka na miaka wakigombania asilimia hizo. Ayala hawezi kuitambua tofauti hiyo. Kwa mita 100, kila moja kati ya hizo ikiingia kwenye moyo au mapafu, sehemu yenye ukubwa wa sahani, mnyama anaanguka baada ya hatua chache. Ikiingia tumboni, hata iliyo kubwa kuliko zote itakupa kazi ya kufuata damu hadi usiku.

Moja ilibadilisha kweli hesabu katika bunduki za wenzo: .300 Savage ya mwaka wa 1920, yenye zaidi ya jouli 3,000. Lakini ili kuielewa, lazima kwanza tuzungumzie ncha ya risasi. Hapo tunaomba wazazi wasikilize vizuri.

Ncha, fataki, na watoto wetu

Katika bunduki nyingi za wenzo, kartushi zinalala ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine. Kichwa cha moja kinagusa kitako cha iliyo mbele, mahali palepale penye fataki. Kichwa kikiwa na ncha kali, bunduki ikiruka nyuma wakati wa kufyatua, ncha inaweza kugonga fataki na kartushi ikalipuka ndani ya bomba, karibu na mkono wa mwenye bunduki. Ndiyo maana .30-30 na wenzake walipewa vichwa bapa au vya mviringo, ingawa vichwa vya namna hiyo vinapoteza mwendo haraka hewani.

Arthur Savage, aliyezaliwa Kingston katika Jamaica, alitatua tatizo hilo katika bunduki yake ya 1899. Aliondoa bomba, akaweka kartushi katika ghala linalozunguka, kila moja mahali pake. Hivyo aliweza kutumia vichwa vyenye ncha, na ndiyo sababu .300 Savage ilifika mbali kuliko .30-30. Zaidi ya miaka 80 baadaye, kampuni ya Hornady ilileta njia nyingine kwa bunduki za bomba: ncha ya plastiki laini inayobonyea bila kugonga fataki.

Kwa nini tunawaeleza haya? Kwa sababu ncha ndogo ikigusa fataki, kifo kinaweza kutoka. Huku kwetu watoto wanaokota kartushi mashambani, barabarani, karibu na kambi. Wengine wanazigonga kwa jiwe ili kutoa shaba ya kuuza au kuchezea. Wengine wanazitupa motoni wasikie mlio. Mama, papa, ndugu mkubwa: kartushi iliyolala kwenye matope mwaka mzima bado inaweza kulipuka. Haihitaji bunduki. Mtoto akiiona asiiguse, aweke akilini mahali ilipo, aje kumwambia mtu mzima, na mtu mzima apeleke habari kwa viongozi au kwa wanaoshughulika na kutegua mabomu. Na tuliyosema juu ya kartushi ni zaidi tena kwa gurunedi.

Risasi ya nyama na risasi ya vita

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kartushi ya AK, ile ambayo mlio wake tunaujua hata usingizini, inakaribia kulingana na .30-30. Upana wa vichwa vyao unakaribiana sana, milimita nane kasoro kidogo. Kichwa cha AK kina gramu 8 na mwendo wa mita 715 kwa sekunde, yaani karibu jouli 2,000. Kwa hesabu, kartushi ya baba wa familia anayetafuta nyama ya Desemba ina nguvu kuliko ile iliyotufukuza vijijini.

Tofauti iko wapi? Kwanza ni kichwa chenyewe. Cha kuwinda kina risasi laini mbele, kinafunguka ndani ya mnyama na kumwangusha upesi. Cha vita kimefunikwa chuma kote na mara nyingi kinapita moja kwa moja. Mkataba wa The Hague wa mwaka wa 1899 ulikataza katika vita risasi zinazofunguka mwilini mwa binadamu. Kwa mnyama ni kinyume: majimbo mengi ya Marekani yanakataza kumwinda ayala kwa risasi ya vita, kwa sababu mnyama anatoroka na jeraha, anakwenda kufa mbali, na nyama inaoza bila faida kwa mtu yeyote. Mwindaji wa kwetu anayepiga swala kwa AK anapoteza wanyama ambao hata hatawala.

Pili ni kanuni zinazomzunguka mwenye bunduki. Hapo tumefika kwenye jibu letu.

Ayala walivyokaribia kwisha

Tusidhani kwamba Wamarekani walizaliwa na hekima hiyo. Katika karne ya 19, bunduki za kufyatua mara nyingi zilipokutana na njia ya reli, ayala waliuawa bila hesabu. Walioua zaidi walikuwa wawindaji wa biashara. Waliua mamia, wakatia nyama na ngozi katika mabehewa, zikaenda kuuzwa kwenye masoko na hoteli za miji mikubwa. Misitu nayo ilikatwa. Kufikia mwaka wa 1900, wataalamu wanakadiria kwamba katika Marekani nzima walibaki ayala wenye mkia mweupe nusu milioni hivi. Katika majimbo mengine walikuwa wamekwisha kabisa.

Kumbukeni tarehe hizo. .30-30, kartushi ya ayala kuliko zote, ilizaliwa mwaka wa 1895, wakati ayala wenyewe walikuwa wanamalizika. Kama mambo yangeendelea vile, leo ingekuwa kitu cha jumba la makumbusho.

Kilichofuata ni sheria, na sheria hizo zilishika soko kwanza. Mwaka wa 1900, mbunge John Lacey wa Iowa alipitisha sheria ya nchi nzima iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine mnyama wa pori aliyeuawa kinyume cha sheria. Majimbo yakapiga marufuku kuuza nyama ya ayala wa porini. Yakaweka majira: wiki chache za mwaka, siku zinazojulikana. Yakaweka idadi: mtu mmoja, kibali chake, mnyama wake, na kipande cha karatasi cha kufunga juu ya mnyama kabla ya kumtoa msituni. Yakaajiri walinzi. Ayala walichukuliwa mahali walipobaki na kupelekwa mahali walipokwisha.

Mwaka wa 1937 ikaja sheria inayotuhusu zaidi katika hadithi ya kartushi. Inaitwa kwa majina ya wabunge wawili, Pittman na Robertson. Ilisema kwamba kodi juu ya bunduki za kuwindia na kartushi, ambayo tayari ilikuwa inalipwa, isipotee katika mfuko wa serikali, iende kwa majimbo kwa kazi ya kulinda na kuchunguza wanyama. Tangu hapo, anayenunua boksi la .30-30 au la .35 Remington analipia ayala wa kesho. Kodi hiyo bado inalipwa hadi leo.

Tuseme ukweli wote: ayala walisaidiwa na mengine pia. Mashamba mengi ya mashariki yaliachwa, na vichaka vikarudi. Mbwa mwitu wakubwa walikuwa wameuawa karibu wote. Lakini bila kubana soko na majira, vichaka hivyo vingebaki vitupu. Leo wanakadiriwa kuwa ayala kama milioni 30. Sehemu nyingine wamezidi, wanakula bustani za watu na kugongwa na magari. Katika vijiji vingi vya Pennsylvania, shule zilikuwa zikifungwa siku ya kwanza ya majira ya kuwinda, kwa sababu wanafunzi na walimu wote walikuwa msituni.

Bunduki haikubadilika. Winchester ya 1894 iliyokuwa inawamaliza ndiyo hiyohiyo inayowinda leo. Kilichobadilika ni kwamba kila siku, kila mnyama na kila kartushi iliwekewa hesabu.

Bunduki hizo zilipofika kwetu

Bunduki za wenzo zimepita hapa pia. Henry Morton Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone hadi Ujiji mwaka wa 1871, alikuwa na Winchester moja na Henry moja. Mwaka wa 1887 alirudi na msafara mkubwa, wapagazi na askari wengi wakiwa watu wa Zanzibar, waliozungumza Kiswahili. Kati ya silaha zao kulikuwa na Winchester 50. Waliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, wakaingia msitu wa Ituri.

Kwa hesabu ya bunduki, msafara ule ungekula nyama kila siku. Walikufa njaa. Walikaa miezi mitano hivi kati ya Yambuya na nyasi zinazokaribia Ziwa Albert, wakila uyoga na matunda ya pori, wakinyang'anya mashamba ya ndizi, na wengi waliachwa njiani wamekufa. Katika msitu huohuo, wakati huohuo, Wambuti waliishi kwa nyavu, mishale na ujuzi wa njia za wanyama. Winchester haikujua msitu. Mwenye wavu aliujua.

Mgeni mwingine alikuwa Theodore Roosevelt. Alikuwa rais wa Marekani hadi Machi 1909, na kwao alikuwa mmoja wa waliopigania sana wanyama wa pori. Baada ya kutoka madarakani alifika Mombasa kuwinda, na kati ya bunduki zake kulikuwa na Winchester ya wenzo ya 1895, yenye kartushi .405 ya zaidi ya jouli 4,000. Mwanzoni mwa 1910 alifika Lado, ng'ambo ya magharibi ya Nile, eneo lililokuwa bado chini ya utawala wa Kongo ya Wabelgiji. Leo sehemu yake iko Uganda na nyingine Sudan Kusini. Huko yeye na mtoto wake Kermit waliua vifaru weupe 9, ili ngozi na mifupa vipelekwe kwenye majumba ya makumbusho.

Vifaru hao ni jamii moja na wale waliokuwa katika Garamba yetu, mbuga iliyofunguliwa mwaka wa 1938. Kufikia 1984 walibaki 15 tu. Walinzi walijitahidi, idadi ikapanda mara mbili hivi, kisha vita na pembe zikawamaliza. Kifaru dume wa mwisho wa jamii hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwaka wa 2018. Wamebaki majike wawili.

Muweke hadithi hizo mbili pamoja. Karibu mwaka wa 1900, ayala wa Marekani na vifaru wa kaskazini mwa Kongo wote walikuwa mbele ya bunduki. Mmoja amefika milioni 30. Mwengine wamebaki wawili.

Kwetu sisi

Kongo ina sheria. Sheria ya kuwinda namba 82-002 ni ya tarehe 28 Mei 1982. Inasema juu ya vibali, juu ya majira, juu ya wanyama wanaolindwa. Lakini sheria inahitaji mlinzi anayelipwa, soko linalochunguzwa, na amani. Katika Virunga, penye Ziwa Edouard, viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Waliuawa zaidi na watu wenye silaha za vita, na nyama ikauzwa. Viboko wakipungua, kinyesi chao kinachorutubisha maji kinapungua, na wavuvi wanasema samaki nao wanapungua. Njaa ya mvuvi wa Vitshumbi inaweza kuwa na mwanzo wake katika kartushi iliyofyatuliwa zamani.

Hatusemi haya ili kumhukumu mama aliyekimbia vita na ambaye leo ananunua kipande kidogo cha nyama ya pori ili watoto wapate mchuzi. Historia ya Marekani yenyewe inamtetea: aliyemaliza ayala zaidi ni yule aliyeua mamia ili kujaza mabehewa, kuliko mkulima aliyeua mmoja kwa familia. Kama siku moja viongozi wetu wataanza kazi hii kwa kweli, waanzie hapo, kwenye magari na mitumbwi inayobeba nyama kwenda mijini, na kwa wenye bunduki wanaoilinda biashara hiyo. Wasianzie kwenye sufuria ya mkimbizi.

Na wazee wanaojua miiko ya zamani ya kuwinda, mwezi gani haiwindwi, jike mwenye mimba haguswi, ukoo gani hauli mnyama gani, wawasimulie wajukuu hata chini ya hema. Wamarekani walilazimika kuandika kanuni kama hizo katika sheria baada ya kukaribia kupoteza kila kitu. Sisi tulikuwa nazo bila karatasi. Siku tutakayorudi vijijini tutazihitaji, kwa sababu msitu usio na wanyama hautamlisha mtu, awe na .30-30, awe na wavu.

 Muwakumbushe watoto jambo lile la kartushi zinazookotwa.